Kabla Injini Haijapata Moto

Swali ninaloulizwa kuliko yote pale gereji ni hili: Fundi, kupiga resi mpaka mwisho kunaua injini? Wanaouliza ni vijana ambao tayari wameshapiga, na wazee ambao vijana wao wameshapiga. Zamani nilikuwa na jibu moja tu, na nilikuwa nalitoa kwa ukali, bila hata kuinua kichwa kutoka chini ya boneti: "Unaiua. Kama si leo, kesho." Nililipenda jibu lile. Lilinifanya nionekane na akili kuliko mwenye gari.

Siku hizi najibu kwa kirefu. Injini ikiwa na oili ya kutosha na ikishapata moto, ukikanyaga mafuta mpaka mshale wa mizunguko uingie kwenye nyekundu kwa sekunde chache, haifi. Hizi za kisasa hujikatia mafuta zenyewe, utaisikia inakohoa ta-ta-ta, inakataa kupanda zaidi. Hatari ni ikiwa baridi, maana oili bado imelala chini na vyuma vya juu vinasagana vikavu. Na hata hapo haifi siku hiyo, inaumia kidogo kidogo. Nyingine haziumii kabisa. Sijui kwa nini, na nina miaka ishirini na sita katika kazi hii. Mteja akiondoka huwa nakaa kidogo kwanza, kwa sababu kila nikilijibu swali hilo naona kama namjibu mdogo wangu, na yeye hayupo tena.

Mdogo wangu alikuwa dereva wa teksi. Kituoni walimwita Resi, na mtu akisikia jina hilo haulizi limetoka wapi. Tuliishi nyumba moja, ya mama yetu: mama chumba cha mbele, dada yetu mkubwa chumba cha kati, mimi na Resi uani. Gari lake lililala chini ya dirisha la mama. Kila asubuhi saa kumi na mbili alikuwa anaingia, anawasha, na hapo hapo, injini baridi kama maji ya mtungi, anakanyaga mpaka mwisho mara mbili. Vioo vya dirisha vilitetemeka. Kisha anaondoka. Hakuwa na kwaheri nyingine, na mama hakutaka nyingine.

Mimi nilikuwa natoka na mswaki mdomoni, natukana. "Beringi hizo unazisaga! Beringi!" Naye anatoa kichwa dirishani, meno yote nje. "Kaka, wewe ukiamka si unajinyoosha? Na lenyewe linajinyoosha." Mama alikuwa anacheka mle ndani, tunamsikia. Basi hasira zangu zinapanda zaidi, maana hakuna kitu kinachoudhi kama kuwa na haki huku watu wanacheka.

Na mimi nina jina langu. Wananiita Sikio. Naweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini naubandika sikioni, nasikiliza, nataja ugonjwa. Sijisifu, ni kweli nilikuwa sikosei. Watu waliniletea magari kutoka mbali niwaambie tu yana nini, wakayatengenezee kwingine. Mtu akisifiwa sikio miaka mingi, mwishowe hasikii kitu kingine.

Mwaka mmoja moyo wa mama ulianza kumsumbua. Akavimba miguu, akawa hawezi kulala chali, tukampeleka hospitali akalazwa. Dada alishinda naye wodini, nyumbani tukabaki wanaume wawili na vyombo vichafu. Jumatatu moja asubuhi Resi akawasha gari, akakanyaga kama kawaida yake ingawa mama hakuwepo kusikia. Nikasikia sauti ngeni. Mngurumo ulipopanda juu kabisa kulikuwa na mlio mwembamba, wa chuma, ulioingia na kutoka.

Nilimsimamisha kwa mkono. Nikapitisha mkono dirishani, nikazima, nikachomoa funguo.

"Leo haliondoki," nikamwambia.

"Kaka, nina abiria wa asubuhi."

"Abiria wako wapande punda. Beringi za konrodi mle ndani zimekwisha. Ukifika nalo njia panda, shukuru."

"Si beringi. Kuna kitu kimelegea tu. Mimi nakaa nalo kutwa kucha, nalijua."

"Wewe unajua usukani." Kisha nikatamka maneno ambayo kama ningeweza kuyarudisha kinywani ningeyameza pamoja na meno yangu. Nilimwambia, "Sikio la kufa halisikii dawa."

Alicheka. Akanipiga begani, akasema basi tengeneza, daktari, jioni nitamchukua mgonjwa wangu. Akaenda kituoni kwa miguu. Huko akakuta mwenzake mmoja anaumwa na gari lake limekaa bure, akalishika kwa siku hiyo.

Mimi nililisukuma gari mpaka gereji, mtaa wa pili tu, nikalipandisha kwenye stendi za chuma na kulala chini yake. Nikamwaga oili, nikafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nikashusha vikombe vya beringi kimoja kimoja. Vilikuwa safi. Vilikuwa vinang'aa. Miaka minane ya kupigwa resi baridi kila asubuhi, na beringi zimekaa kama zimetoka dukani jana. Nilizigeuza kwenye mwanga, nikazipapasa kwa kucha, natafuta hata mchubuko mmoja wa kumwonyesha. Nikiwa bado chini, kiwiko changu kikagonga bati linalofunika bomba la moshi. Bati likalia mlio ule ule wa asubuhi.

Lilikuwa limepoteza boli. Boli moja. Nilitafuta nyingine kwenye kopo, nikaifunga, nikaligonga bati tena, kimya. Ilikuwa saa nne asubuhi. Najua kwa sababu nilitoa simu mfukoni nimpigie, nikaona saa, nikairudisha.

Sikumpigia. Nilikaa juu ya ndoo nikawaza atakavyocheka. Niliona kabisa anavyokwenda kituoni kuwasimulia madereva: Sikio kashusha injini nzima kwa sababu ya bati. Basi nikaamua nitamwambia jioni. Nikaanza kulitungia gari ugonjwa, kitu kikubwa kidogo, pampu ya oili labda, ili nimwambie nimeliokoa. Nilirudisha sampu polepole, nikajaza oili, nikala, nikahudumia wateja wawili. Gari lake, halina ugonjwa wowote, limesimama kivulini. Saa kumi alasiri lile gari aliloazima lilikosa breki kwenye mteremko wa sokoni, na yeye badala ya kuingia kwenye watu akaingia ukutani.

Mama alikuwa bado wodini. Daktari alituita mimi na dada pembeni, akatuambia moyo wa mama haustahimili mshtuko, tusimpe habari ya aina hiyo mpaka apate nguvu. Tulimzika mdogo wetu, tukakaa msiba nyumbani kwa mjomba, na siku ya nne tukaenda kumchukua mama hospitali tukiwa tumenawa nyuso. Dada alikuwa ameshapita nyumba kwa nyumba mtaani kuwaomba watu wasitamke neno. Watu walikubali. Sijapata kuona mtaa wetu ukikubaliana jambo lolote kama walivyokubaliana hilo.

Tulimwambia mama kwamba daktari amekataza Resi asiingie chumbani, kwa kuwa anashinda na abiria wa kila namna na anaweza kumletea maradhi ya kifua. Mama akasema sawa. Kesho yake asubuhi akamwambia dada, "Mbona sijalisikia gari?" Dada akaja mbio uani kuniambia.

Asubuhi iliyofuata nilichukua funguo za mdogo wangu. Nikapima oili kwa geji, nikaingia, nikawasha, nikasubiri mpaka mshale wa joto unyanyuke, kisha nikakanyaga mpaka mwisho mara mbili. Vioo vikatetemeka. Nikaliondoa gari mpaka gereji na kulificha nyuma. Usiku, mama akishalala, tulilirudisha kwa kulisukuma. Mama akamwambia dada, "Kaenda." Dada akasema ndiyo, kaenda. Tukafanya hivyo miezi minne.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yetu ilirefuka, na nitasema ukweli, mimi ndiye niliyeirefusha. Dada alitaka tuseme mwezi wa pili. Nikasema bado. Mwezi wa tatu daktari mwenyewe akasema mama ameimarika, tunaweza kumweleza taratibu, akiwa amekaa, na watu karibu. Nikasema bado, tumpe wiki moja. Dada alidhani namwonea mama huruma. Mimi nilikuwa najua kwamba mama akiambiwa mwanawe amefia kwenye gari la mtu, swali la pili litakuwa, na gari lake lilikuwa wapi? Hakuna aliyejua habari ya boli. Hata dada. Wote walijua gari lilikuwa gereji, bovu, na kwamba nilikuwa nalishughulikia. Walinipa pole mara mbili, kwa ndugu na kwa hilo.

Jambo moja lingetuzindua kama tungekuwa na macho. Katika miezi yote minne mama hakuomba hata siku moja apigiwe simu azungumze na Resi. Mimi nikaliona hilo kama bahati.

Kisha daktari akaruhusu mama awe anakaa nje asubuhi, apate hewa. Dada aliniambia jana yake, akaongeza, "Sasa utafanyaje? Utavaa kofia yake?"  Nilisema nitaamka mapema zaidi, nimalize kabla hajatoka.

Niliamka saa kumi na moja na nusu. Mama alikuwa tayari kibarazani, ameketi kwenye kiti, amejifunga mtandio, miguu imewekwa juu ya kigoda. Dada alisimama mlangoni nyuma yake. Nikasimama kando ya gari na funguo mkononi, na ubishi wangu wote wa miaka sikujua umekwenda wapi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Endelea na kazi yako."

"Resi anaoga," nikasema. "Kaniomba nimwashie."

"Basi mwashie."

Niliingia, nikawasha. Injini ikaitika mara moja, nzima, tamu. Nikaweka mikono kwenye usukani nikatazama mshale wa joto, umelala. Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili. Mama alikuwa hatua tano kutoka kwangu, nilimwona kwenye kioo cha pembeni, hajageuza uso.

"Unasubiri nini?" akauliza.

"Ipate moto, mama. Ikiwa baridi, oili haijapanda, ukiikanyaga..."

"Yeye alikuwa hasubiri."

Nilizima gari. Pale mlangoni dada akaanza kulia.

"Asubuhi ya kwanza," mama akasema, "nikajiambia labda ameanza kukusikiliza. Nikafurahi, nikasema ugonjwa wangu umewapatanisha. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nikawa nahesabu nikiwa kitandani. Anawasha, anasubiri, anasubiri, ndipo anakanyaga. Katika nyumba hii mwenye subira hiyo ni mtu mmoja. Nikajua huo ni mguu wako. Na kama ni mguu wako, wa kwake uko wapi?"

"Mbona hukusema, mama?" dada akauliza.

"Wa kusema ni nyinyi. Mimi ni mgonjwa wenu. Nilikuwa nasubiri mje mniambie, nipate kulia kama watu wanavyolia. Nimelia na mto mdomoni, wewe ukienda sokoni. Ukirudi nimenyamaza, unaniuliza umeshindaje, nasema vizuri." Akavuta pumzi, pole pole, kama daktari alivyomfundisha. "Sasa sema. Wewe, fundi. Sema kwa mdomo wako."

Nilishuka garini. Nikaenda nikachuchumaa mbele ya kigoda chake, nikasema, "Amekufa, mama."

"Lini?"

"Ulipokuwa wodini. Jumatatu, saa kumi."

"Kwa nini?"

"Gari. Breki zilikataa kwenye mteremko wa sokoni."

"Gari gani?" Akalitazama lile lililokuwa mbele yetu, halina hata mkwaruzo. "Hili hapa."

"La mwenzake."

"Na hili?"

Dada akasema, "Mama, pumzika kwanza, mengine baadaye." Pale nilikuwa na mlango wa kutokea, dada mwenyewe kanifungulia bila kujua. Ningesema lilikuwa bovu, na kila mtu mtaani angeniunga mkono. Lakini nilikuwa nimechoka kumtengenezea mama asubuhi za uongo. Nikamweleza. Mlio, funguo, methali niliyomtupia, beringi zinazong'aa, kiwiko, bati. Nilieleza kama ninavyoeleza kazi kwa mteja, hatua kwa hatua, sikujua njia nyingine.

"Boli," mama akasema.

"Boli moja."

"Saa nne ulikuwa umeshajua."

"Saa nne, mama."

"Na simu unayo."

"Mfukoni. Niliitoa nikairudisha. Niliona atanicheka."

Sikuthubutu kuinua macho. Nilikuwa naiona miguu yake tu, uvimbe umepungua, ngozi imelegea. Nilingoja kofi, au laana, na ningeshukuru kwa lolote kati ya hayo. Mkono wake ukashuka ukakaa juu ya kichwa changu, mzito, wenye joto.

"Ungempigia tu, mwanangu," akasema. "Angekucheka, halafu angekuja."

Kisha akalia. Alilia kwa sauti yote aliyokuwa ameizuia na mto, akimwita mwanawe kwa jina lake la utotoni ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau. Dada akamshika upande huu, mimi upande ule, tunaogopa moyo wake, na moyo wake ukakaa imara kuliko yetu. Milango ya mtaa ikafunguka. Watu walielewa mara moja, maana walikuwa wamekaa na kilio hicho vifuani miezi minne kama sisi. Mwenye duka la jirani alifika wa kwanza, kalamu bado iko sikioni, akapiga magoti mbele ya mama akisema pole, pole, kana kwamba habari imefika asubuhi ile. Viti vikaanza kuletwa. Ilibidi tulisukume gari pembeni ili vienee.

Walikuja kutwa nzima. Na kila aliyekuja alikaa kidogo, kisha akamuuliza mama kama watu wanavyouliza, ingawa wote walijua, ilikuwaje? Mama alifuta uso kwa ncha ya mtandio akawajibu kwa utulivu.

"Gari lake lilikuwa bovu," alisema. "Kaka yake alikuwa analitengeneza. Ikabidi aende na la mwenzake."

Mara ya kwanza nilidhani sikusikia vizuri. Dada aliinamisha kichwa akatazama sakafu. Mama alisema hivyo kwa mwenye duka, akasema hivyo kwa mjomba, akasema hivyo kwa mke wa mjomba, maneno yale yale, hazidishi wala hapunguzi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka karibu yake, hataki niondoke. Kila nikijaribu kuinuka alinishika mkono.

Alasiri wakaja madereva wa kituoni, saba, kofia mikononi. Waliketi, wakamsikiliza mama. Mzee wao, mtu aliyeendesha teksi tangu mimi sijajua kushika spana, alinigeukia kwa heshima, dereva kwa fundi.

"Lilikuwa na nini hasa, Sikio?"

Nilifungua mdomo. Mama akawahi.

"Beringi," akasema. Neno hilo amelisikia dirishani kwake miaka minane, nikimgombeza mwanawe. "Injini nzima ilikuwa chini. Lingemuua njiani."

Madereva wakatikisa vichwa. Yule mzee akanyoosha mkono akanishika bega.

"Ulifanya vyema kulizuia, fundi," akasema. "Ulimpenda ndugu yako."

Vidole vya mama vilikuwa vimekaza kwenye kiganja changu. Alinitazama, na hakuniachia mpaka niliposema ahsante.